Njoo Kesho na Nakala Mbili: Kuingiza Urasimu kwenye Kampeni ya Mazimwi

Wachezaji wangu wa mchezo wa kusimulia mezani walimuua joka wa mapangoni kwa dakika arobaini, wakala karanga, wakaomba tuendelee. Wiki iliyofuata walihitaji kibali cha kuvuka ziwa usiku. Kibali hicho kilitula Jumamosi mbili nzima, na mpaka leo wakikutana Kirumba au Nyegezi, hapa Mwanza, ndicho wanachosimuliana. Joka hawamtaji.

Nimelifikiria sana jambo hilo. Pale mezani kwangu hakuna aliyewahi kukutana na joka, lakini kila mmoja amewahi kuambiwa "kalete kwanza barua ya mtendaji". Anayajua yale macho ya karani yasiyonyanyuka kwenye karatasi, na ile hofu ya kusikia kwamba mwenye muhuri katoka. Hisia hizo anakuja nazo kutoka nyumbani, msimulizi hana haja ya kumtengenezea. Kazi yako ni kuzipa njia ya kutokea na ushindi ambao ofisini hazipati mara nyingi.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: mnakaa mezani watu wanne hadi sita. Mmoja ni msimulizi, anayeushika ulimwengu na kuwasemea wote waliomo, na wengine kila mtu ana mhusika wake, mchawi, mpiganaji, mwizi, mganga. Mnasimulia pamoja, na jambo likiwa na shaka mnarusha dadu. Mzazi wa michezo hii ni Dungeons & Dragons, iliyotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson, ikatoka Marekani mwaka 1974. Mfululizo wa vikao vya kisa kimoja ndio tunaouita kampeni. Haya ninayoeleza yanafaa kwa mchezo wowote wa jamii hiyo.

Hatua ya 1: Tafuta sababu kabla ya sheria

Msimulizi anayeanza hukimbilia fomu. Anaandika fomu yenye vipengele ishirini, anaona kamaliza. Wewe anza na swali: nani aliumia mpaka sheria hii ikawekwa?

Kwenye kampeni yangu kuna mji unaoitwa Bandari ya Jiwe Kuu, mji wa mawe yaliyobebana juu ya maji, na yeyote aliyewahi kusimama Capri Point ataujua bila kuchorewa. Mjini hapo ni marufuku kuvuka ziwa usiku bila kibali. Miaka tisa kabla ya kisa kuanza, zimwi la ziwa lilipanda mtumbwi wa abiria likiwa na sura ya bibi kizee mwenye kapu. Mtumbwi haukufika. Tangu hapo abiria wa usiku lazima awe na mtu wa nchi kavu anayemfahamu na aliye tayari kuandika jina lake. Karani wa gatini anauliza kila mtu, "Nani anakujua hapa?" na anauliza kwa ukali, kwa sababu mdogo wake wa kike alikuwamo kwenye mtumbwi ule.

Wachezaji hayo hawayajui. Wanachokiona ni dirisha na mtu mgumu. Lakini kwa kuwa sababu ipo, wakiuliza vizuri wataifikia, na wakiifikia hawataongea naye tena kwa sauti ile ile. Sheria isiyo na sababu haina cha kuchimbua, na mchezaji akishachimba mara mbili akakuta mwamba mtupu hachimbi ya tatu.

Hatua ya 2: Karatasi tatu, basi

Panga mnyororo wa karatasi zisizozidi tatu. Kila moja itoke kwa mtu tofauti, mahali tofauti, ili wachezaji wautembee mji. Mnyororo wangu ulikuwa hivi. Kwanza barua ya utambulisho kutoka kwa mwenyekiti wa mtaa walikolala. Pili hati ya mzigo kutoka kwa wakusanya ushuru, kwa sababu walikuwa wamebeba ngoma ya mtemi waliyotakiwa kuirudisha kisiwani, na ngoma ya mtemi si mzigo kama gunia la dagaa. Tatu kibali chenyewe, kinachogongwa muhuri na mkuu wa gati.

Ya kwanza ipatikane kirahisi kiasi, wachezaji waone kwamba mambo yanakwenda. Ya pili iwe na utata: je, ngoma ni bidhaa, ni mali ya mtemi, au ni kiumbe? Ya tatu iwalazimishe kuamua jambo. Nilijaribu karatasi tano siku moja, na kufika ya nne watu walikuwa wanachezea simu. Usijenge pia mzunguko ambao karatasi ya kwanza inadai ya tatu na ya tatu inadai ya kwanza. Ofisini mambo hayo yapo, najua, lakini mezani yanaua mchezo kabisa.

Hatua ya 3: Mpe karani maisha

Hapa ndipo pa kuweka nguvu zako nyingi, kwa hiyo na mimi nitakaa hapa.

Nilipotaka darasa la kuchezea Jumamosi niliambiwa niandike barua, ipite kwenye ofisi moja igongwe muhuri. Nilifika saa mbili asubuhi. Dada wa mapokezi akaisoma barua, akasema haina tatizo, ila mwenye muhuri yuko msibani. Muhuri upo, kwenye droo pale, naiona. Ufunguo wa droo anao yeye, uko mfukoni, umekwenda msibani naye. Nikakaa kwenye benchi. Saa tano nikatoka nje kununua vitumbua kwa mama mmoja aliyejibanza kwenye kivuli cha mwembe mbele ya ofisi. Nikamlalamikia kidogo tu, kama mtu anavyolalamika akiwa na njaa. Akageuza kitumbua, akasema bila kuniangalia, "Mwanangu, yule akitoka msibani anapitia mlango wa nyuma, saa tisa. Ukikaa mbele hutamwona." Saa tisa nilikuwa mlango wa nyuma. Barua ikagongwa kwa dakika moja, mtu mwenyewe mpole, macho mekundu kwa kilio.

Niliondoka na mambo matatu ninayoyatumia kila kampeni.

La kwanza, kila afisa awe na anachokitaka, anachokiogopa, na mahali anapokuwa asipokuwa kwenye kiti. Andika mstari mmoja kwa kila kimoja. Karani wangu wa gati anataka jina la mdogo wake liandikwe kwenye daftari la waliopotea, maana mkuu alikataa kuliandika bila mwili. Anaogopa kumruhusu bibi kizee mwingine. Jioni hukaa kwenye jiwe la kufulia akitazama maji. Mistari hiyo mitatu ilinipa kikao kizima.

La pili, aliyekuzuia anaweza kuwa mtu mwema kwenye siku mbaya. Karani mwovu anachosha upesi, wachezaji watataka kumkata kichwa, na hapo mmerudi kwenye joka. Karani mwenye huzuni huwafanya wabishane wao kwa wao.

La tatu, na hili wasimulizi wengi hulisahau: weka mtu nje ya ofisi anayejua kila kitu. Muuza vitumbua, fundi viatu, kijana wa kubeba mizigo, mlinzi. Asiwe na cheo wala muhuri, awe na macho tu. Wachezaji watakaomsalimia vizuri watapata njia, na watakaompita watabaki kwenye benchi. Huyu mama wa vitumbua ninaye kwenye kila mji ninaoubuni, na wachezaji wangu wa zamani siku hizi wakiingia mji mgeni swali lao la kwanza ni nani anauza chakula karibu na geti.

Hatua ya 4: Milango mitatu, kila mmoja na bei yake

Kwa kila karatasi andaa njia tatu za kuipata.

Mlango wa mbele ni kufuata utaratibu, na bei yake ni muda. Mlango wa watu ni undugu, fadhila na heshima: mganga wa kundi anatibu mtoto wa mwenyekiti, au mpiganaji anagundua kwamba mlinzi wa gati ni mtani wake, na ukishasema Msukuma na Mzaramo mezani kwetu, utani unaanza wenyewe. Bei ya mlango huu ni deni, na deni uliandike, lidaiwe kikao cha tatu au cha nne. Mlango wa pembeni ni kughushi, kuhonga au kuroga, na bei yake huja baadaye, kama nitakavyoonyesha.

Wachezaji wakibuni mlango wa nne usioufikiria, wakubalie. Mwaka jana binti mmoja mezani kwangu aliamua kwamba mhusika wake ataomba kazi ya ukarani. Nikampa. Alijaza daftari siku mbili za mchezo, akatoka na siri zote za gati.

Uchawi una shida yake. Msimulizi huogopa kwamba mchawi wa kundi atamroga karani na kisa kitaishia hapo. Soma sheria zenyewe vizuri. Kwenye toleo la tano la Dungeons & Dragons, lile la 2014, uchawi wa kumfanya mtu akuone rafiki hudumu saa moja, na ukiisha aliyerogwa anajua kwamba amerogwa na anajua ni nani. Kwa hiyo mwache mchawi aroge. Kibali kitatoka. Baada ya saa moja kuna karani mwenye hasira, mwenye jina lao lote kwenye daftari, na wao watarudi kwa gati ile ile.

Rushwa nayo nina msimamo. Iwepo mezani, kwa sababu tukiificha tunadanganya, lakini isiwe njia ya bei rahisi kuliko zote. Ukitoa sarafu kumi leo, kesho bei ni ishirini, na wanaofuata nyuma yako kwenye foleni wanadaiwa ishirini pia. Siku moja nilimweka kwenye foleni mama mwenye mtoto mgonjwa, akaambiwa bei mpya ambayo wachezaji wangu ndio walioipandisha. Meza ilinyamaza. Vijana wale ni wa kidato cha tatu na cha nne. Waliuza upanga mmoja, wakamlipia yule mama, kisha wakaenda kumtafuta mkuu wa gati.

Hatua ya 5: Weka mwezi angani

"Njoo kesho" haina uchungu kama kesho haigharimu kitu. Lazima kuwe na saa inayokwenda.

Mimi hutumia mwezi, na mtu wa ziwani hahitaji kuelezwa kwa nini. Dagaa huvuliwa kwa taa, karabai zamani na sasa taa za sola, wakati wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali taa haina kazi, mitumbwi inapumzika, mwalo, pale samaki wanaposhushwa, unapoa. Kwenye kampeni yangu zimwi huamka mwezi ukiwa mpevu, kwa sababu usiku huo hakuna taa za wavuvi za kulizuia. Ngoma lazima ifike kisiwani kabla.

Chora duara sita kwenye karatasi, uiweke katikati ya meza ambapo kila mtu anaiona. Kila "njoo kesho" inajaza duara moja. Kila njia ya mkato iliyoharibika inajaza moja. Duara zikijaa, mwezi umejaa. Usiseme neno, chukua kalamu tu ujaze. Utawaona wanavyoitazama ile kalamu.

Hatua ya 6: Dadu kwa uchache

Usirushe dadu kwa kila salamu. Mchezaji akiongea vizuri, na alichosema kinagusa anachokitaka karani, mpe bila dadu. Rusha pale tu ambapo kushindwa kuna maana.

Kwenye toleo la tano, namba ya kufikia unaporusha dadu ni 10 kwa kazi rahisi, 15 kwa ya wastani, 20 kwa ngumu. Barua ya mwenyekiti iwe 10, hati ya mzigo 15, kumshawishi mkuu wa gati aandike jina la marehemu bila mwili 20. Na dadu ikikataa, jibu lisiwe "hapana" tupu. Liwe "ndiyo, ila": kibali kinatoka lakini cha watu watatu tu na nyie mko wanne, au jina limekosewa herufi moja na mlinzi wa mbele ni msomaji. "Hapana" tupu inasimamisha kisa, na kisa kikisimama kila mtu anakuangalia wewe.

Hatua ya 7: Karatasi ishikike

Hapa gharama ni ndogo na faida ni kubwa mno. Chukua karatasi za kawaida, zichovye kwenye chai ya rangi iliyopoa, zianike juani mpaka zikunjamane. Andika kibali kwa mkono. Muhuri uchonge kwenye soli ya kandambili iliyochakaa: kata kipande cha duara ukubwa wa kifuniko cha chupa ya soda, chora alama kwa kalamu, kisha punguza pembeni kwa wembe taratibu mpaka alama ibaki juu. Maandishi yachongwe kinyume, kama yanavyoonekana kwenye kioo. Mimi wa kwanza nilichonga sawa, ukatoka umegeuka, nikatupa. Chovya kwenye wino wa stempu kutoka steshenari, gonga.

Angalizo la dhati: chonga alama za kubuni tu. Wangu ni jiwe juu ya jiwe na samaki chini. Usichonge nembo ya taifa, wala muhuri wa ofisi yoyote iliyopo, hata kwa mchezo.

Kisha mpe mchezaji karatasi mkononi. Usimwambie "umepata kibali", mpe akishike. Atakikunja, atakificha, atakiweka mbali na mafuta ya samosa. Na siku mlinzi wa gati akinyoosha mkono kusema "lete", utamwona anavyopapasa mifuko.

Hatua ya 8: Foleni ni mahali

Kabla ya daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa Juni 2025, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, tulikuwa tunangoja kivuko. Aliyewahi kungoja pale anajua kwamba foleni ni kijiji: mahindi ya kuchoma, wachuuzi madirishani, dereva wa lori aliyelala chini ya gari lake, habari za Sengerema na Geita zinafika kabla ya gazeti. Wachezaji wako wakiwekwa kwenye foleni, usiseme "mnangoja kwa saa nne" ukaendelea. Waweke karibu na watu watatu. Mmoja ana habari wanayoihitaji, mmoja anahitaji msaada, mmoja anawadanganya. Dakika kumi na tano za mezani zinatosha.

Na uangalie nyuso. Mchezaji akirudi nyuma kwenye kiti mara mbili, fungua mlango papo hapo: mama wa vitumbua anapita, kelele zinatoka gatini, karani anatoka kuvuta hewa.

Hatua ya 9: Karatasi iwalinde

Kikwazo kikishavukwa, wasimulizi wengi hukisahau. Kibali kinaishia kwenye mkoba wa mhusika kama ganda la karanga. Hiyo ni hasara, kwa sababu sheria iliyokuzuia inaweza pia kukusimamia, na mchezaji aliyeteseka kuipata anastahili kuona ikifanya kazi.

Kwangu ilikuwa hivi. Wamefika katikati ya ziwa, duara tano zimejaa, mwezi umebakiza ukucha. Bibi kizee mwenye kapu anatokea juu ya maji, anatembea. Anawauliza, "Nani anawajua nchi kavu?" Ni swali lile lile la karani. Nilikuwa nimeamua tangu hatua ya kwanza kwamba zimwi hili huchukua wasio na wa kuwaulizia tu, na mkuu wa gati wa wakati ule aliweka ile sheria kwa kuwa alilijua hilo, ila hakumwambia mtu.

Yule mwenye kibali akakitoa, kimekunjwa mara nne, akakisoma kwa sauti. Jina la mwenyekiti wa mtaa, la mkusanya ushuru, la mkuu wa gati. Na chini kabisa, kwa mwandiko wa karani, jina lake mwenyewe kama mdhamini, na pembeni jina la mdogo wake, ambalo wachezaji walikuwa wamempigania liingie daftarini. Nilichukua kalamu, sikujaza duara. Niliwaambia bibi kizee ameweka kapu lake ndani ya mtumbwi wao na kuzama, na kwamba kapu lina uzito wa mtu aliyelala.

Kikao kikiisha, kabla watu hawajatawanyika kutafuta daladala, chukua daftari uandike mambo manne: karatasi zipi bado wanazo na zinaisha lini, nani wanamdai, nani anawadai, na nani walimpita bila kumsalimia. Huyo wa mwisho ndiye utakayemkalisha dirishani wiki ijayo.